Sahani Iliyorudi Imejaa

Juzi mjukuu wangu Akiru alikuja nyumbani kwangu Burat kunionyesha kijitabu alichopewa na chuo. Juu kina picha ya mwanafunzi anayecheka peke yake, na ndani kinaitwa mwongozo wa mwaka wa kwanza. Nilikisoma chote. Kinaeleza maktaba iko wapi, kinaeleza namna ya kuingia kwenye mtandao, kinaeleza ukishikwa na huzuni umwone mshauri, saa nane hadi saa kumi, siku za kazi. Kuhusu kula kina mstari mmoja tu, kwamba milo mitatu kwa siku hutolewa bwaloni. Nikacheka vibaya. Akiru akaniuliza, "Shosh, ni nini inakuchekesha?" Nikamwambia abandike chai, maana jambo lenyewe ni refu na haliishi vizuri.

Niliyomwambia nawaandikia na ninyi wengine mnaofunga masanduku mwezi huu. Nilipika miaka ishirini na sita katika jiko la chuo kimoja cha ufundi nje ya mji wa Isiolo. Jina la chuo halina haja. Nimestaafu, magoti yamekwisha, na mkono wa kulia haupandi juu ya bega kwa sababu ya kusonga ugali wa watu mia tatu kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Chuo chochote sikusoma. Lakini mwaka wa kwanza nimeuona mara ishirini na sita, na walimu wa pale hawauoni nilivyouona, kwa sababu wao walikuwa wakiangalia madaftari na mimi nilikuwa nikiangalia sahani.

Aliyenifundisha kuangalia sahani ni Mzee Guyo, mpishi mkuu wa wakati huo. Alikuwa Mborana wa Merti, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe ambayo haikuwahi kushika tone la mafuta, na mpaka leo sijui aliwezaje. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha kwenye dirisha la kupakulia akaniambia, "Uso itakudanganya, mama. Hawa watoto wanajua kucheka. Wewe ngoja sahani irudi."

Nikajifunza. Anayemaliza kwa dakika mbili na kutoka mbio si kwamba ana njaa, anaogopa kuonekana amekaa peke yake. Anayechambua githeri, mahindi huku maharagwe kule, ametoka kwa watu wa maziwa na tumbo lake bado halijakubali kwamba hicho ni chakula. Huyo mpe wiki tatu na supu. Anayefunga chapati kwenye karatasi ya daftari na kuitia mfukoni amewahi kulala na njaa, na usimwulize mbele ya watu. Anayerudisha nusu, kila siku nusu ile ile, kuna mtu mgonjwa kwao. Na asiyetokea siku tatu mfululizo, mfuate hosteli mwenyewe, usingoje ofisi, kwa sababu ofisi itajua baada ya mwezi.

Binti mmoja aliwahi kukaa wiki mbili kwa chai na mkate mkavu. Nikamwita jikoni, nikamwambia anionyeshe mama yake anavyopika wali. Akapika, akalia juu ya sufuria, akala sahani mbili. Alimaliza masomo, na akipita hapa Burat ananiletea sukari. Wako wengi wa namna hiyo. Nilikuwa hodari wa kazi hii, na nasema bila aibu, kwa sababu aibu yenyewe inakuja.

Kabla haijafika, chukueni haya ya bure. Usipange foleni mwisho, chumvi yote iko chini ya sufuria. Githeri ya Jumatatu ilikuwa maharagwe ya Jumapili, kwa hiyo Jumatatu kula mboga. Wiki ya kwanza kaa na watu wa kwenu upate pumzi, lakini wiki ya tatu hama meza, la sivyo utamaliza miaka miwili ukizungumza habari za kijiji kimoja. Usimwambie mama yako kwa simu kwamba chakula ni kizuri ikiwa hakishuki. Na usidharau watu wa jikoni, si kwa sababu ni wema, la, mimi sikuwa mwema, ila ni kwa sababu ndio wanaokuona mara tatu kwa siku.

Makosa nimefanya. Mwezi wangu wa pili Mzee Guyo alikwenda msibani kwao Merti, akaniachia jiko. Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika, nikachota ya kisima cha pampu, yale ya chumvi. Kama hujapika Isiolo hujui kwamba maharagwe ukiyachemsha kwa maji yale yanakaa siku nzima yakikutazama tu. Saa saba foleni ikafika, nikapakua hivyo hivyo. Wanafunzi wakayarusha juu ya paa la mabati, kelele zikawa kama mvua ya mawe, na wakati huo tulikuwa hatujaona mvua ya aina yoyote kwa muda mrefu.

Kesho yake mkuu wa chuo aliita kikao, anataka jina. Mzee Guyo alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo, hata vumbi la lori hajapangusa. Akasimama. "Jiko ni yangu," akasema. "Huyu mama sikumfundisha kuhusu hiyo maji. Kosa ni yangu." Akakaa. Wakamwandikia barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Hakunitajia jambo hilo tena, ila alinifundisha kutenga mapipa mawili ya maji ya mto kwa ajili ya maharagwe peke yake, na kutia magadi kijiko kimoja, kwani kikizidi unapika sabuni. Huyo ndiye aliyenilea kazini. Mkumbukeni, maana nitakapofika mbele mtaona nilimlipaje.

Kijana mmoja, Lemaiyan, alikuja chuoni wakati Mzee Guyo alikuwa ameshastaafu. Mpishi mkuu nilikuwa mimi. Tulikuwa tumetoka kwenye kuni tukaingia kwenye gesi, moshi umeisha, macho yangu yamepona, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hakuna mtoto anayeweza kunificha kitu.

Alikuwa Msamburu wa upande wa Kipsing, mrefu, shati limepigwa pasi, ushanga mmoja tu kwenye kifundo cha mkono. Alikuja kusomea umeme. Kila mtu alijua sababu, kwa kuwa aliieleza siku ya kujitambulisha: zahanati ya kwao ilikuwa ikizalisha kina mama kwa mwanga wa tochi, na yeye alikuwa amewaahidi wazee kwamba atarudi kuiwekea umeme wa jua. Katika boma lao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka kidato cha nne. Wenzake walipiga makofi, nami nilipiga.

Mchana ule alipanga foleni kama wengine. Nikampakulia ugali, sukuma na vipande viwili vya nyama, kwa sababu siku ya kwanza huwa tunajipendekeza. Akapokea kwa mikono miwili, akaenda kukaa, akaweka mikono juu ya magoti. Akakaa hivyo mpaka bwalo likaanza kuisha watu. Kisha akaileta sahani dirishani imejaa. Ugali haukuwa na alama ya kidole. "Asante, yeyo," akasema. Yeyo ni mama kwa lugha yao. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Sasa mnielewe. Mimi ni Mturukana, na mwaka ule kati yetu na Wasamburu mambo yalikuwa mabaya. Kaka yangu kule Ngaremara alikuwa amechukuliwa mbuzi wote mchana kweupe, na mtu wake wa kuchunga akapigwa hadi akalazwa. Kila jioni nilikuwa naisikia habari hiyo kwa simu, na kila jioni ilikuwa ikiongezewa pilipili. Kwa hiyo kijana wa Kisamburu aliponirudishia chakula siku tatu, sikusoma sahani. Nilisoma kabila. Nilijiambia kwamba huyu ameambiwa kwao asile mkono wa Mturukana.

Siku ya nne nilimwuliza mbele ya foleni nzima. "Chakula ya Mturukana haishuki kooni?"

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. "Hapana, yeyo. Chakula si mbaya."

"Basi kula nikuone."

Akaangalia chini. "Naomba nibebe nje. Nitarudisha sahani."

"Sahani haitoki hapa. Husomi?"

Nikamwonyesha ukutani kwa mwiko. Maandishi yale niliyapaka mimi mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwa sababu sahani zilikuwa zikipelekwa hosteli na kuwa vyombo vya kulowekea soksi. Sheria ilikuwa nzuri. Ningeweza kuilegeza kwa mtu mmoja, kama nilivyoilegeza mara nyingi kwa wagonjwa na kwa wasichana waliojua kunibembeleza. Yeye hakujua kubembeleza.

Mwezi wa pili akaanza kupotea mchana. Ikifika saa saba alikuwa anavuka uwanja wa mpira, anapita ua wa nyuma, anashika njia ya Burat, huko vijana wa kwao walikokuwa wamehamishia ng'ombe kufuata majani. Alikuwa akirudi jioni. Masomo ya karakana yalikuwa mchana, kwa hiyo yalikuwa yakimpita yote. Mwalimu wake alisema, "Anakimbilia ng'ombe, hawa hawazoei." Nami nikaitikia, huku najua kabisa kwamba mtu akipotea saa ya chakula kila siku, swali la kwanza ni la chakula. Mzee Guyo angeliuliza.

Lakini alikuwa anakonda, na jicho la kazi halilali hata ukiwa na hasira. Mfupa wa bega ulikuwa umeanza kuonekana chini ya lile shati lililopigwa pasi. Siku moja nilishindwa. Nilimtengea nyama ya mbuzi, nzuri, ile ya mbavu, nikamwita kwa mlango wa nyuma na kumwingiza stoo. Nikamkalisha juu ya gunia la mchele. "Hapa hakuna mtu," nikamwambia. "Hakuna wa kukucheka. Kula." Nikasimama mlangoni na kukunja mikono, nimwone akila, maana hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu.

Aliitazama ile nyama muda mrefu, huku akimeza mate. Kisha akainuka, akaniwekea sahani mkononi kwa adabu, akasema, "Asante, yeyo. Siwezi." Akatoka.

Ile nyama nilimpa mbwa. Halafu nikaketi pale pale juu ya gunia na kuandika barua kwa ofisi ya wanafunzi, kwamba mwanafunzi huyu hali chakula cha chuo tangu afike, amekataa hata alipopewa kwa upendeleo, jina lake litolewe kwenye orodha ya jiko nafasi isiharibike. Nikaweka sahihi, Mama Ekai, Mpishi Mkuu. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama saa moja.

Sikujua barua inakwenda kufanya nini, na kutojua kwangu hakusaidii kitu. Ofisi ilikuwa na desturi yake. Anayekosa darasani peke yake anapewa onyo. Lakini asiyekuwa kwenye orodha ya darasa wala kwenye orodha ya jiko, huyo anahesabiwa ameondoka, na nafasi yake anapewa anayengoja. Ilibidi mkuu wa chuo aulize kwanza. Akatuita, akauliza, "Huyu kijana ana shida gani?" Mwalimu wa umeme akasema hazoei. Wakanigeukia mimi kwa kuwa ndiye niliyesifika kwa kuwajua watoto. Nikasema, "Ana kiburi."

Ijumaa asubuhi Lemaiyan alikuja dirishani na begi lake. Alikuwa na kikombe cha chuo alichopewa siku ya kuripoti, amekiosha, akakiweka mbele yangu. Akaniambia wamempa barua, anakwenda Wabera kwa mjomba wake kungoja gari la Jumatatu la kwenda kwao. "Asante kwa yote, yeyo," akasema. Nilikiangalia kikombe.

Mchana huo huo, wakati wa kuosha vyombo, alikuja Meshack. Huyu alikuwa Msamburu wa mwaka wa pili, kijana wa mjini kwa nywele na kwa viatu, anayeongea Sheng kuliko hao waliozaliwa nayo. Akasimama karibu na karai kama mtu aliyekuja kwa daktari.

"Shosh, si kiburi," akasema. "Yule msee ni moran."

"Hata wewe ni moran. Na unakula kama trekta."

"Mimi niliacha. Yeye alikataa kuacha." Akaangalia nyuma kama kuna mtu. "Moran hakulangi chakula mwanamke ameolewa amekiona. Hasa nyama. Na hakulangi peke yake. Lazima mwenzake wa rika awe hapo, wakule pamoja. Ndio maana alikuwa anaenda Burat, kutafuta wa rika wakule pamoja. Hiyo ndio maneno yote."

Nikamwuliza shule ya bweni alikuwa akila vipi basi. Akanieleza kwamba wakati ule Lemaiyan alikuwa bado mvulana, alikula chochote mbele ya yeyote. Walitahiriwa baada ya kidato cha nne. Chuo kilikuwa mwaka wake wa kwanza wa kuwa moran, na baba yake alikuwa amefariki akimwachia neno kwamba asome lakini asivunje mila.

Mtu mwingine angekaa chini. Mimi niliendelea kuosha sufuria moja mpaka ikang'aa. Nilikuwa nampakulia kwa mkono wangu mimi, mwanamke aliyeolewa. Nilikuwa namkodolea macho kila mlo kungoja ale. Na nilipotaka kumfanyia wema nilimfungia stoo peke yake, nikasimama mlangoni kumtazama. Hata kama ningekaa chini nipange namna ya kumnyima chakula kijana yule, nisingepanga vizuri zaidi.

"Wewe ni rika lake?" nikamwuliza Meshack.

"Ndio."

"Unalala wapi?"

"Chumba kinafuatana na chake."

"Na hukuweza kukaa naye dakika kumi?"

Akakwaruza sakafu kwa kiatu. "Aliniomba, shosh. Wiki ya kwanza. Lakini wasee wangejua na mimi ni wa huko. Wangenicheka."

Nilitaka kumpiga na sufuria. Halafu nikakumbuka foleni ilipocheka, na nani aliyeichekesha.

Fikirieni udogo wa jambo lenyewe. Jikoni nilikuwa na Mutuma, mwanamume wa Kimeru, mpishi mwenzangu, aliyekuwa akipakua upande wa pili. Ningempa Mutuma mwiko na sufuria ndogo iliyofunikwa, apeleke nyuma ya karakana, vijana wawili wakae kwenye kivuli cha tangi la maji, wale, warudishe vyombo. Dakika kumi. Hakuna kikao, hakuna mshauri wa saa nane hadi saa kumi. Ilihitaji mtu mmoja kuuliza bila kuwa na jibu tayari.

Bado kulikuwa na nafasi, na hapa ndipo panaponichoma. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu. Lemaiyan alikuwa Wabera, mwendo wa bodaboda tu. Mkuu wa chuo alikuwa ofisini. Nilivua aproni nikaenda nikaketi kwenye benchi la nje ya mlango wake. Nilikuwa na la kusema, tena lilikuwa fupi, nilishawahi kulisikia likisemwa: jiko ni langu, kosa ni langu.

Nilikaa pale nikifikiria. Nilifikiria kwamba nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Nilifikiria mwaka wenyewe ulivyo, na habari itakavyotembea mjini, kwamba mama wa Kiturukana amemshindisha kijana wa Kisamburu na njaa mpaka akafukuzwa. Nilifikiria kaka yangu na mbuzi wake. Nilimfikiria pia Mzee Guyo na vumbi lake la lori, na hilo sikulifikiria sana. Katibu alitoa kichwa akaniuliza, "Mama Ekai, unataka kuingia?" Nikasema, "La, nilikuwa napumzisha miguu." Nikarudi kumenya viazi. Jumatatu gari likaenda. Jumatano kijana mwingine akawa analala kwenye kitanda chake, mlaji mzuri, sahani inarudi safi.

Baada ya hapo nilibadilisha mambo. Yale maandishi ya ukutani niliyafuta. Kila muhula mpya nilikuwa nawauliza watoto mmoja mmoja, bila foleni, kama kuna kitu hawawezi kula au namna ambayo hawawezi kula, na Mutuma alikuwa na sufuria yake ndogo. Walipita vijana kadhaa kwa sufuria ile. Chuo kilinisifu siku ya kuniaga, wakasema nilielewa tamaduni. Niliwasikiliza huku nimeshika birika la zawadi. Hawakujua nilisomea wapi.

Kwa hiyo, Akiru, na ninyi wengine, sitawaambia mzoee. Neno hilo nalichukia. Wanaolisema wanataka mtoto abadilike ili wao wasiulize kitu. Utakwenda na jambo lako, kila mtu ana lake, na siku ya kwanza litakuwa dogo. Liseme wiki hiyo hiyo kwa mtu mwenye funguo, mwiko au muhuri. Akikucheka, usirudi kwake kwa adabu kila siku ukingoja aelewe; nenda kwa mwingine, na kwa mwingine tena. Na ukiwa mwaka wa pili, mtu wa kwenu akakuomba dakika kumi, mpe. Hata kama watacheka.

Mwaka jana nilikwenda soko la mifugo na mwanangu Ekai, baba yake Akiru, kutafuta mbuzi wa kufuga. Mwanamume mwenye shuka, fimbo na simu mbili akanisimamisha. "Supa, yeyo," akanisalimia kwa lugha yao. Amenenepa kidogo, kichwa kimenyolewa. Nilimjua kwa ile sauti ya kushukuru.

Ekai aliendelea na mbuzi wake. Lemaiyan akanipeleka kwenye hoteli ya mabati pembeni ya soko, akaagiza nyama ya kuchemsha na chapati, sahani mbili. Akanieleza kwamba ameoa, ana mtoto, umoran umeisha, ananunua ng'ombe na kuwapeleka kwa lori. Nikamwuliza habari ya zahanati. Akasema bado tochi. "Mtoto wangu amezaliwa hapo. Mimi ndio nilishika hiyo tochi."

Chakula kilikuwa hakijafika. Nikaona nikingoja kifike sitasema kamwe. Nikamwambia, "Ile barua ya kukutoa jikoni niliandika mimi."

"Najua, yeyo. Walinisomea. Jina yako ilikuwa chini."

"Walikusomea lini?"

"Ile Ijumaa asubuhi. Kabla nilete kikombe."

Nilikosa pa kuweka mikono. Nikamwuliza kwa nini basi alikuja kunishukuru. Akafikiri, akasema, "Uliniwekea mbavu. Hiyo pia nilikuwa nimeona."

Nikamweleza na habari ya benchi. Hiyo hakuijua. Aligeuza simu yake juu ya meza mara moja, mara mbili. Hakusema si kitu. Nashukuru hakusema, kwa kuwa kilikuwa kitu.

Mhudumu akaleta sahani. Lemaiyan akanawa, akaivuta yake karibu, akaniona nimegeuza uso. "Angalia tu, yeyo," akasema. "Siku hizi inaruhusiwa."

Nilisikia akitafuna. Mimi niliangalia ukuta, kalenda ya zamani ya duka fulani, mpaka akamaliza. Mhudumu akaja akachukua sahani yake akaenda nayo nyuma, nami mpaka leo sijui ilirudi vipi.